Kurumbiza wa Ulumba

Wako watu watakaokwambia kwamba nchi ya Ulumba haipo. Waache. Mashavu binti Omari amefika huko, amekaa, amekula chakula chao na kurudi na akili zake timamu, nami habari hii nimeipata kwake, mwanamke asiyejua kutia chumvi hata kwenye mchuzi wake mwenyewe.

Ulumba ni nchi ya mikoa miwili tu. Uko Uwanda, tambarare yenye mashamba ya mpunga, na uko Mwinuko, juu vilimani, kwenye ukungu na mizinga ya nyuki. Katikati unapita mto, na juu ya mto pana daraja. Mgeni akiwatazama watu wa pande hizi mbili haoni tofauti: pua ni zile zile, wali ni ule ule, na wakigombana wanapunga mikono namna moja. Wenyewe watakwambia kwamba wao ni mbingu na ardhi. Ukiwauliza tofauti yenyewe iko wapi, watakuonyesha juu ya paa.

Juu ya paa yupo kurumbiza, ndege mdogo wa manjano mwenye kichwa cheusi na sauti kubwa kuliko kiwiliwili chake. Kurumbiza wa Uwanda humaliza wimbo wake kwa kupandisha sauti, na watu wa huko humsikia akiuliza, "Umekula nini?" Kurumbiza wa Mwinuko humaliza kwa kushusha, na wa huko humsikia akilalama, "Sijala kitu mie." Ndege ni yule yule, manyoya yale yale, mayai yale yale. Lakini kwa ajili ya nyimbo hizo watu wa Mwinuko husema kwamba watu wa Uwanda ni wambeya, hawawezi kukupita bila kuchungulia sufuria yako, na watu wa Uwanda husema kwamba wale wa Mwinuko ni watu wa kulialia hata washibe vipi. Mambo haya yangeishia barazani yangekuwa utani kama utani mwingine wowote. Ulumba waliyatungia sheria.

Inaitwa Sheria ya Mlio. Mtoto akizaliwa hukaa ndani na mama yake mpaka arobaini, kama kwetu. Siku ya kutolewa nje watu hukusanyika uani, hunyamaza kimya, na humngoja kurumbiza wa paa lile aimbe. Wimbo wa kwanza mtoto atakaousikia ndio wimbo wake. Ukiwa wa Uwanda, yeye ni wa Uwanda; ukiwa wa Mwinuko, yeye ni wa Mwinuko, na huko ndiko atakakopelekwa kulelewa, hata kama baba yake na babu yake wamezikwa hatua chache kutoka pale alipozaliwa. Aliyoyasikia akiwa ndani hayahesabiwi, kwa kuwa sheria inachukulia kwamba kuta hazipitishi sauti. Kwa kawaida hapana tabu, maana ndege wa Uwanda hukaa Uwanda. Ila ndege ana mabawa, na waliotunga sheria walipitiwa na jambo hilo.

Mashavu alikwenda Ulumba kwa furaha. Mdogo wake wa tumbo moja, Saumu, ameolewa Uwanda na bwana mmoja mpole aitwaye Kitwana, na alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Mashavu alichukua kanga, udi, na pilipili manga ya uji wa mzazi, na koo lake alilitayarisha kwa vigelegele. Alimkuta mdogo wake amekonda, amemkumbatia mtoto kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuporwa.

"Dada, hebu msikilize," Saumu alisema, hata salamu hazijaisha.

Juu ya pembe ya paa ndege aliimba. Sauti iliteremka taratibu mpaka mwisho: sijala kitu mie.

"Huyu si wa huku," Mashavu alisema.

"Si wa huku. Amekuja mtoto ana wiki moja, akajenga pale. Majirani wote wamemsikia. Ofisi nayo imekwisha kupata habari."

"Basi mfukuzeni! Fagio hamna?"

"Dada, kumfukuza kurumbiza ni kumtisha shahidi. Jirani yetu alirusha kokoto tu, mpaka leo yuko kifungoni."

"Basi mfunge mtoto kwenye kanga, twende zetu kwetu."

"Mtoto asiye na wimbo hajawa wa popote. Na asiye wa popote hawezi kuvuka mpaka, maana hana anakotoka." Saumu alilisema hilo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulikariri akiwa peke yake. "Akishatolewa nje, Mwinuko watamchukua. Mimi sitaruhusiwa kumfuata. Nimeuliza kila mtu, Dada. Nimeuliza mpaka nimechoka."

Mashavu aliketi kitandani. Hakutaka mdogo wake aione hofu yake, kwa hiyo aliomba uji.

Kesho yake alikwenda na shemeji yake kwenye Ofisi ya Milio. Mkuu wa ofisi, Bwana Kilindo, alikuwa mtu nadhifu na mwenye adabu. Sikio lake la kulia alikuwa amelifunika kwa kipande cha hariri kilichofungwa kwa utepe, kwani sikio lile lilikuwa la serikali na halikuruhusiwa kuchakaa kwa kusikiliza mambo ya mtaani. Aliwakaribisha kwa sikio la kushoto.

Mashavu hakungoja kuulizwa. Alieleza kwamba mtoto ana mama, mama yuko hai, maziwa yanatoka, na ndege hana haki ya kumpeleka mtoto wa watu popote. Bwana Kilindo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka dirishani.

"Leo kuna upepo," alisema.

Mashavu alirudia maneno yake kwa sauti kubwa zaidi. Bwana Kilindo aliinuka akafunga dirisha.

"Shemeji," Kitwana alimnong'oneza, amejaa haya, "hakudharau. Wewe na Saumu hamkuzaliwa chini ya kurumbiza. Hamna mlio. Kisheria ninyi ni mabubu."

"Mke wako ni bubu? Tangu siku ya harusi hajasikika?"

"Ofisini hajasikika," Kitwana alijibu. "Nyumbani namsikia sana."

Basi ikabidi Kitwana aseme mwenyewe, naye hakuwa msemaji. Aliuliza kama haiwezekani kwamba ndege yule amekosea tu.

"Kurumbiza hakosei," Bwana Kilindo alisema kwa upole. "Sisi ndio tunaokosea, ndiyo maana tuna ofisi."

"Lakini mtoto huyu ni wetu, Bwana Mkuu. Ni wa Uwanda. Mimi ni wa Uwanda."

"Nami nasikitika pamoja nawe. Lakini sisi watu wa Uwanda hatutaki cha mtu. Wimbo ukishuka, ni wao. Mkia wa wimbo ndio unaohukumu, huko mbele ndege anaweza kusema analotaka." Alimpa Kitwana mkono, na njiani kuelekea mlangoni alipita karibu na Mashavu kwa tahadhari, kama mtu anayepita karibu na kabati.

Mashavu alirudi nyumbani akitukana njia nzima. Hakuna aliyemsikia, na alikiri baadaye kwamba hilo lilimpunguzia hasira kidogo, kwa kuwa alitukana vizuri.

Ni Kitwana aliyeanza kupiga mluzi, ili ndege ajifunze wimbo wa Uwanda. Kumtisha ndege ni kosa, lakini kupiga mluzi wa mkoa wako katika ua wako ni uzalendo, na hakuna askari atakayekuuliza. Alfajiri alisimama uani, uso ameuelekeza pembeni kama hana habari na paa, akaanza: umekula nini, umekula nini, umekula nini. Ndege alimjibu kwamba hajala kitu. Kitwana aliendelea mpaka jua likawa kali na midomo ikamvimba kama mahamri. Saumu akamsaidia kutokea dirishani. Yeye hakuwa na hofu ya kushtakiwa, kwani bubu hawezi kupatikana na kosa la kupiga kelele.

Mashavu mluzi haujui. Akipuliza, hutoka pumzi tupu. Alijaribu siku mbili tatu, ndege hata shingo hakugeuza. Mwishowe, kwa uchungu na ukaidi, aliamua kupiga vile vigelegele alivyokuja navyo. Alipiga asubuhi akifagia, alipiga akichambua mchele, akimtazama ndege jicho kwa jicho. Havikuwa vigelegele vya furaha. Lakini ndege hakujua hayo, akakaa anamtazama huku ameinamisha kichwa.

Zikiwa zimebaki siku chache, ndege alinyamaza. Asubuhi wala jioni hakutoa sauti. Majirani walisema anakusanya nguvu. Saumu aliacha kula.

Ndipo alipofika Bi Semeni, mpokezi kutoka Mwinuko. Kazi yake ilikuwa kuvuka daraja na kuja kuwachukua watoto wa namna hii. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwenye mwendo wa polepole. Alikuja na blanketi jipya na chupa ya asali kwa ajili ya mzazi. Mashavu alikuwa amejiandaa kumchukia, na alianza kazi hiyo kwa bidii, lakini Bi Semeni alivua viatu mlangoni, akaingia chumbani, akaketi mkekani mbele ya Saumu.

"Usiku mtoto hulalia ubavu gani?" aliuliza. "Chango kinamsumbua? Akilia hutulizwa kwa nini? Nauliza kwa sababu watoto ninaowapokea, nikishavuka nao daraja, sina tena wa kumuuliza."

Saumu alilia kwanza. Halafu akasema kwamba hulalia wa kushoto, na kwamba akisumbuliwa na chango hupenda kupapaswa mgongoni, si tumboni. Bi Semeni aliutazama mkeka muda wote kama asiyesikia neno, kama sheria inavyotaka. Kisha alimpokea mtoto kumpa mama nafasi ya kufuta uso, akamlaza kwa ubavu wa kushoto, na mkono wake ukaenda mgongoni. Mashavu aliliona hilo akanyamaza nalo.

Siku ya kutolewa mtoto ua ulijaa. Walikuja majirani, walikuja maofisa wa pande zote mbili katika kofia zao, na ngoma zililetwa lakini wapigaji walikatazwa kuzigusa. Bwana Kilindo alisimama katikati. Alifungua utepe, akaondoa hariri, na sikio la serikali likatokea, jeupe kidogo kwa kukosa jua. Watu waliliangalia kwa heshima.

Saumu akatoka na mtoto. Mashavu alikuwa nyuma yake, amemshika kiuno. Kukawa kimya. Mtoto alipepesa macho kwenye mwanga. Juu ya pembe ya paa kurumbiza alijikung'uta, akanyanyua kichwa cheusi, akaimba.

"Umekula," aliimba, sauti safi kabisa ya Uwanda, na Kitwana akashika kifua. "Kitu mie," aliendelea, na sauti ikaanza kuteremka kama ya Mwinuko, Saumu akafumba macho. Lakini kabla haijafika chini ndege aliikamata, akairudisha juu, akaivuruga, na akamalizia kwa kitu ambacho katika nchi nzima ya Ulumba hakijapata kutoka katika koo la ndege: kigelegele kirefu, chenye kutetemeka, ambacho hakikupanda wala hakikushuka.

Akarudia tena, ili pasiwe na shaka.

Bwana Kilindo aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. "Mkia umepanda?" alimuuliza ofisa wa Mwinuko.

"Kwetu haupandi."

"Basi umeshuka. Mchukueni."

"Haukushuka, bwana. Kichwa cha wimbo ni chenu. Bakini naye."

"Kichwa hakihukumu!"

"Na mkia usiojulikana unahukumu nini?"

Mashauri yakaanza. Ofisa mmoja alisema mtoto akae miezi Uwanda na miezi Mwinuko, mwenzake akauliza miezi ya mvua itakuwa ya nani. Mwingine akasema ndege afundishwe upya na kesi iahirishwe, mtoto arudishwe ndani kwa arobaini nyingine. Ofisa mwembamba aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi akatoa pendekezo lililowapendeza wote: ijengwe nyumba juu ya daraja, mtoto awekwe hapo na yaya wa serikali, si huku wala si kule. Vichwa vilianza kutikisika kwa kukubali. Wengine walikuwa wameshaanza kuzungumzia mabati.

Saumu alisema hapana. Alisema kwa sauti, akasema tena, akapiga kelele, na maofisa wakaendelea na mabati. Mashavu aliona kwamba huu ndio mwisho, mtoto anakwenda darajani wakiwa wamesimama wanatazama. Akapita mbele ya umati, akasimama chini ya paa.

"Nyinyi watu! Huu wimbo unaimbwa wapi kwingine? Niambieni! Unaimbwa wapi?"

Bwana Kilindo alitazama mawingu kuona kama upepo utaleta mvua. Hakuna ofisa aliyegeuka. Aliyegeuka alikuwa Bi Semeni, na blanketi lake mkononi. Alimtazama Mashavu usoni kwa kitambo, na Mashavu akaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo na kumbe umo mkononi mwake.

"Waheshimiwa," Bi Semeni alisema, na kwa kuwa alikuwa na mlio walimsikia. "Nimepata swali. Wimbo huu unaimbwa wapi kwingine?"

"Hauimbwi popote," alisema Bwana Kilindo. "Ndiyo tabu yenyewe."

"Unaimbwa hapa."

"Ndiyo, hapa. Kwenye paa hili tu."

"Mimi sheria naijua kwa moyo, maana huwasomea wazazi kabla sijawachukulia watoto wao. Haikutaja Uwanda. Haikutaja Mwinuko. Inasema, mtoto ataishi pale wimbo wake unapoimbwa." Alitua, akapumua. "Basi ni hapa. Chini ya paa hili. Tukimpeleka darajani tumeivunja sheria, na mimi siwezi kuivunja. Mimi ni mtumishi."

Maofisa waliitafuta njia ya kutokea. Walitazama juu, walitazama chini, mmoja akahesabu vidole. Bwana Kilindo alisimama na sikio lake wazi, na polepole uso wake ukalegea. Mashavu anaapa kwamba hata yeye alionekana kufarijika, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana.

"Ni hapa," alisema hatimaye. "Sheria imesema."

Hapo ngoma zililia bila kuruhusiwa. Kitwana alikaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, akilia na kucheka kwa zamu, midomo yake bado imevimba. Mashavu alimwangukia Bi Semeni begani akamkumbatia, na Bi Semeni akamwambia sikioni, kwa sauti ya chini sana, "Ahsante kwa swali lako, mwenzangu. Nimewasikia wengi kabla yako, na nikautazama mkeka." Hakusema zaidi, ila alilitoa blanketi akamfunika mtoto, liwe lake.

Yule ofisa mwembamba, ambaye hakupenda kuona jambo linaachwa bila kumalizwa, aliinua mkono. Alitaka kujua paa hili sasa ni mkoa gani, kwa sababu lina wimbo wake. Baada ya kunong'onezana kidogo ikaamuliwa kwamba si mkoa, lakini ni mahali, na kwamba kila anayeishi chini yake anao wimbo kama raia mwingine. Bwana Kilindo akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe katika nchi ile, Saumu alitazamwa na serikali.

"Bibi," alisema, na kuinama kidogo, "kumbe una mlio. Tafadhali sema. Tunakusikiliza."

Maofisa walisogea, wale wa Uwanda na wale wa Mwinuko, masikio mbele, maana walijua kwamba maneno ya kwanza ya mtu aliyekuwa bubu yataandikwa na kujadiliwa. Kitwana alinyanyuka kutoka vumbini. Saumu aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa na mengi. Alikuwa na miaka mizima ya mengi, na Mashavu, aliyemjua tangu utotoni, alijiandaa kuziba masikio.

Mtoto akaanza kulia. Ofisa mmoja alinyanyua kidole kwa mazoea, asikilize kama kilio kinapanda au kinashuka.

"Jamani," Saumu alisema, "nendeni makwenu. Mtoto ana njaa."

Walimsikia, wakaondoka.